Barua ya njia: Mtwara kwenda Mbeya kwa pikipiki

Mtwara, Juni

Kaka Shomari,

Assalaam alaykum. Huku wazima, mikorosho inapulizwa salfa na mvua imeshaondoka. Mwezi umechagua vizuri. Tuseme habari ya njia.

Pita Songea, usizunguke Dar es Salaam. Kwa Dar ni karibu kilomita 1,390, kwa Songea kama 1,130, tena lami mwanzo mwisho. Kule Dar utakula foleni ya jiji, kisha ubanane na mabasi na malori ya Zambia mpaka Mlima Kitonga, mahali ambapo pikipiki haina pa kujibanza. Wapo watakaokwambia ukate kwa Tandahimba na Newala ufike Masasi. Ukiwa na mzigo, achana nayo: mbele ya Mnivata kuna ujenzi, na vumbi la michepuo linaziba chujio la hewa. Shika Mingoyo, Mtama, Ndanda.

Safari usiigawe kwa kilomita. Igawe kwa jua: litakuwa wapi, nawe utakuwa wapi. Siku ya kwanza ondoka saa 12 asubuhi, ulale Tunduru: kilomita 200 mpaka Masasi, 54 mpaka Mangaka, 137 mpaka Tunduru. Unakwenda magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni na wewe unaona vizuri sana. Hapo ndipo wengi wanapojisahau. Dereva wa lori la makaa ya mawe anayekuja bandarini Mtwara jua linampiga usoni, na wewe umo ndani ya ule mwanga. Akitaka kuovateki anaweza asikuone kabisa. Washa taa kubwa mchana kweupe, vaa kizibao cha kung'aa, na ukiona pua ya lori inachungulia upande wako, punguza mwendo mapema usogee pembeni. Kuanzia saa 10 jioni jua linakugeukia wewe. Saa hiyo uwe umeshafika.

Tunduru hadi Namtumbo ni kilomita 193, na ndicho kipande ninachokuhofia zaidi. Ni mapito ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo huvuka usiku na alfajiri, kwa hiyo usitoke Tunduru kabla ya saa 2 asubuhi. Ukikuta kinyesi kibichi barabarani, nenda polepole, na ukimwona mmoja subiri mbali, kwa sababu wenzake huwa nyuma.

Jaza tangi Tunduru. Boxer yako inabeba lita 11 hivi. Kwa mzigo piga hesabu ya kilomita 35 kwa lita, na rizevu usiihesabu. Ukilazimika kununua petroli ya chupa, isimamishe dakika tano juani: maji hukaa chini, utaona mstari.

Songea pumzika nusu siku ukague cheni. Zungusha gurudumu, upime pale inapokaza zaidi, kwa sababu cheni hailegei sawasawa. Katikati, upande wa chini, iachie icheze milimita 25 hadi 30. Fundi akikukazia kama waya wa gitaa, mkatalie. Gurudumu la nyuma likipanda kwenye shimo cheni hujivuta zaidi, na kinachokufa ni beringi ya sproketi ndogo. Upepo pima tairi zikiwa baridi: mbele PSI 25, nyuma 32.

Kona za Lukumburu teremka kwa gia ya tatu, injini ikushikilie. Breki ya ngoma ukiikanyaga mfululizo inapata moto na haishiki tena. Njombe mwezi huu ni baridi kali. Vaa glavu mbili, maana vidole vikifa ganzi breki inachelewa. Huko juu injini itapungua nguvu, hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Shusha gia tu. Usiruhusu mtu aguse kabureta, kwani akipunguza petroli, ukirudi pwani itakuwa kidogo kwa hewa ya huko na injini itachemka.

Beba tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, hazilingani. Na klipu ya cheni, plagi, kebo ya klachi, pampu, solusheni na viraka.

Nipigie ukifika Mangaka, kisha Namtumbo. Msalimie shemeji.

Nduguyo,
Bakari