Tundu la ozoni na joto: barua kwa Mwalimu Hamisi

Tanga, Oktoba

Mwalimu Hamisi,

Asalaam aleikum, ndugu yangu. Huku sote wazima, na mama bado anauliza lini utakuja kula pweza wake. Barua yako nimeipata. Unauliza umpe alama ngapi mwanafunzi aliyeandika kwamba joto limezidi kwa kuwa "tabaka la ozoni limetoboka, jua linapita moja kwa moja". Nimefurahi ulivyomuuliza fundi friji, maana gesi zinazoharibu ozoni tumezishika sisi.

Mpe sifuri, ila sifuri ya upole. Ozoni ni gesi iliyo juu sana angani, na kazi yake ni kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kuleta saratani na mtoto wa jicho. Mionzi hiyo ni sehemu ndogo ya nguvu ya jua, na siyo iliyoipasha dunia. Joto linapanda kwa sababu kabonidayoksaidi, methani na wenzao, zile tunazoziita gesi joto, wanazuia joto la ardhini lisitoke. Tena tundu lenyewe liko Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Hufunguka kila mwaka, likapanuka sana Septemba na Oktoba, kisha likajifunga. Huko kwenu Songea halijawahi kufika. Jua la utosini huku kwetu lilikuwa kali tangu enzi za mababu.

Sababu ya upole ni kwamba kijana amenusa kitu. Mharibifu wa ozoni ni gesi joto pia.

Chukua R-12, gesi ya friji za zamani. Ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Thomas Midgley na wenzake, ikasifiwa kwa kuwa haiwaki na haina sumu. Kwa fundi ilikuwa raha tupu. Lakini kwa kuwa haiungani kikemia na chochote huku chini, hukaa hewani miaka mia hivi, ikapanda taratibu mpaka kwenye ozoni. Huko mionzi mikali ya jua huivunja, klorini ikatoka, na chembe moja ya klorini huweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni kabla haijatulia. Hayo Mario Molina na Sherwood Rowland waliyaandika mwaka 1974, wenye viwanda wakawabeza. Mwaka 1985 Waingereza wa kituo cha Halley, Antaktika, wakatangaza kwamba ozoni ya juu yao inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko, yaani Septemba na Oktoba. Na gesi hiyo hiyo, kilo moja ikitoka kwenye mrija, hupasha dunia sawa na tani 10 hivi za kabonidayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100.

Kuna jambo jingine ambalo mimi lilinichukua muda kuliamini: gesi joto zinapasha huku chini, lakini huko juu kwenye ozoni zinapoza. Ukijifunika blanketi wewe unatoka jasho, nje yake hewa inabaki baridi. Ila mfano huo hautoshi, maana kabonidayoksaidi ya huko juu yenyewe hutupa joto kwenda anga za mbali. Baridi ikishuka kupita kama nyuzi 78 chini ya sifuri, juu ya ncha za dunia huota mawingu ya ajabu, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyokuwa imetulia huamka. Ndiyo maana tundu liko kwenye baridi kuu, wala si kwetu kwenye joto. Wasomee wanafunzi hapo polepole.

Mkataba wa Montreal, wa kuziacha gesi zinazoharibu ozoni, ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, Mostafa Tolba, Mmisri aliyeongoza UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Nairobi, akiwa ndiye msukumaji mkubwa. Ukafanya kazi kweli. Wataalamu wanatarajia ozoni ya Antaktika irudi hali ya mwaka 1980 kufikia 2066 hivi, tukishika masharti. Lakini sisi mafundi tulipoacha R-12 tukapewa R-134a, isiyo na klorini. Ozoni ikaanza kupona, hewa ikaendelea kupashwa: kilo moja yake ni zaidi ya tani moja ya kabonidayoksaidi. Ndipo mwaka 2016 nchi za mkataba huo zikakutana Kigali kukubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo nazo. Sasa friji nyingi mpya zinakuja na R-600a, ambayo haigusi ozoni na huipasha dunia kidogo sana, ila inawaka. Fundi anayechomelea mrija bila kuitoa kwanza anacheza na moto, na wapo.

Nyie wa mahindi msijione mmepona. Mbolea ya naitrojeni shambani hutoa naitrasi oksaidi, gesi joto ambayo pia inakula ozoni, na mkataba wa Montreal haukuigusa.

Kuhusu lile friji bovu la shule, usikubali mtu akate mrija ili auze shaba. Kibandiko cha nyuma, karibu na kompresa, kitakuambia ina gesi gani. Nipigie picha unitumie. Ikiwa R-12 au R-134a, tafuta fundi mwenye mashine ya kuivuta irudi mtungini. Wachache wanayo kwa sababu ni ghali, kwa hiyo uliza kabla hujalipa nauli yake.

Msalimie shemeji.

Wako,
Idi