Acheni majani ya kando ya msitu hadi Julai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani, hasa wanaolima, wanaokata majani ya mifugo au wanaofanya kazi ya kufyeka nyasi kwenye mashamba ya watu. Mei na Juni ndiyo miezi ya bata mzinga wa porini kuatamia, na viota vingi vinaangamia chini ya visu vya mashine bila dereva kujua.

Ndege hawa walikaribia kwisha. Miaka ya 1930 walibaki takriban 200,000 nchi nzima. Waliongezeka kwa kukamatwa porini na kuhamishiwa misitu iliyobaki mitupu. Waliozaliwa mabandani wakaachiwa hawakufua dafu, kwani hawakulelewa na mama anayejua pori. Leo wako mamilioni, lakini katika majimbo kadhaa ya kusini-mashariki vifaranga wamepungua, na wa kwanza kulaumiwa ni mwindaji. Mwindaji ana lake, ila uwindaji wa majira haya kwa kawaida ni wa madume. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki kadhaa, na dume haatamii wala halei. Kwa maoni yangu, swali kubwa ni hali ya majani anamotagia jike.

Jike hajengi kiota cha maana. Anaparua kishimo chenye upana wa sentimita 20 hadi 28 na kina cha kama sentimita 2.5, chini ya kichaka, kwenye shina la mti au ndani ya nyasi ndefu. Hutaga yai moja karibu kila siku mpaka yafike 10 au 12, yenye rangi ya maziwa na madoadoa ya hudhurungi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakuta mayai baridi, ndege hayupo, wanasema ametelekeza, wanayabeba. Hajatelekeza. Haanzi kuatamia sawasawa mpaka amalize kutaga au akaribie kumaliza, ndiyo maana vifaranga huanguliwa karibu pamoja. Kisha huatamia siku 26 hadi 28, akiinuka kidogo tu kula na kunywa. Ukijumlisha, kiota kinahitaji kama siku 40 za utulivu. Kuchukua mayai hayo ni kosa kisheria, na kifaranga aliyetotolewa na kuku hatajua kujificha porini.

Siku za kuanguliwa zikikaribia, jike hung'ang'ania kiota. Trekta likija hakimbii. Analala tuli, shingo ameilaza chini, na kisu kinamkuta hapo hapo. Anapokufa yeye, kizazi cha mwaka huo kimekwenda, na mama mzazi pia. Basi anzeni kukata katikati ya shamba mkielekea nje, polepole, ili aliye huru kuondoka apate njia ya kuingia msituni. Jike akiruka mbele ya mashine, simamisheni na muache eneo kubwa bila kukatwa. Kuacha kiduara kidogo cha nyasi katikati ya shamba lililonyolewa ni kama kumwekea bendera rakuni, mnyama wa usiku anayekula mayai.

Mkitaka kujua kiota kiliishaje, angalieni maganda. Kifaranga hukata yai kwa mzunguko upande ule mnene, na kofia ya ganda hutoka karibu nzima. Maganda yaliyopondwa au kutobolewa ubavuni ni kazi ya rakuni, kunguru au mnyama mwingine.

Wakishaanguliwa, huondoka kiotani ndani ya siku moja hivi, na hapo hatari ndiyo inazidi. Kwa karibu wiki mbili hawawezi kulala mtini. Usiku hulala chini, ndani ya mbawa za mama. Manyoya yao laini hayazuii maji, kwa hiyo mvua ya baridi huwaua. Chakula chao kikubwa ni wadudu: panzi, viwavi, mende wadogo. Kwa kawaida zaidi ya nusu hufa katika wiki hizo. Wanahitaji majani yanayomficha kifaranga lakini mama aweze kuona juu yake, na chini pawe na nafasi ya kupita. Nyasi za kupandwa zilizosongamana kama zulia haziwafai, kifaranga hukwama humo na kulowa umande. Mwenye eneo kama hilo alichome au alifyeke kwa vipande, kipande kimoja mwaka huu kingine mwakani, kabla majike hawajaanza kutaga.

Kiota cha kwanza kikiharibika mapema, majike wengi hutaga tena, mara nyingi mayai machache zaidi. Kwa hiyo hata mwisho wa Juni wapo wanaoatamia. Asiyeweza kuchelewesha shamba zima aache walau ukanda wa pembeni, ule unaopakana na msitu, hadi katikati ya Julai.

Msomaji wenu,
Ohio, Marekani