Si jeshi lililoiua studio ya Montreuil

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako bila kukuandikia neno, lakini yale makala ya Jumapili kuhusu studio ya Georges Méliès, yule mtengenezaji filamu Mfaransa, iliyokuwa Montreuil karibu na Paris, siwezi kuyanyamazia. Mwandishi wako anasema jeshi la Ufaransa liliyeyusha filamu zake zote likatengeneza visigino vya viatu, na studio ikafa hapo. Amechanganya mambo mawili. Mwaka 1917 jeshi lilichukua kopi, zaidi ya 400, kwa ajili ya madini ya fedha na seluloidi iliyomo. Negativu, yaani filamu za asili ambazo kopi huchapishwa kutoka kwazo, zilibaki Montreuil, na mwaka 1923, alipokwisha kufilisika, Méliès mwenyewe ndiye aliyezichoma. Kopi ikiyeyushwa unachapisha nyingine. Negativu ikiungua, huna pa kuchapishia.

Kilichomfilisi kilianza kabla ya vita. Aliuza filamu kwa mita, kama kitambaa, na wakubwa wa biashara walipohamia kwenye kukodisha, yeye hakuwa na mtaji wa kungoja. Mwaka 1911 akachukua fedha za kampuni kubwa ya filamu ya Pathé kwa kuweka rehani mali yake ya Montreuil. Haya hayamo kabisa kwenye makala.

Studio yenyewe, iliyojengwa 1897, imeitwa “kibanda cha vioo”. Kuta na paa vilikuwa vya vioo kwa sababu jua ndilo lililokuwa taa, na jukwaa lilipimwa lilingane na la ukumbi wake wa mazingaombwe, Robert-Houdin. Mandhari, mavazi, hata nyuso za waigizaji vilipakwa kijivu, maana filamu ya wakati ule haikuona nyekundu: ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka karibu nyeupe. Eti kumtowesha mtu kulitaka “kusimamisha kamera tu”! Waigizaji wanaganda walipo, mpini wa kuzungushia kamera unasimama, anayetoweka anaondoka, mpini unazungushwa tena. Lakini mkono hauanzi kwa kasi kamili. Fremu za kwanza, yaani picha moja moja za filamu, zinapita polepole mbele ya lenzi, zinakula mwanga kupita kiasi, na picha inaruka. Ilibidi fremu hizo zikatwe na negativu iungwe kwa gundi. Ujanja ulikamilikia kwenye mkasi.

Na hapo naingia kwenye kero nyingine, kwa kuwa makala yamerudia kosa lile lile: kwamba safari yake ya mwezini ya 1902 ni filamu ya “dakika tisa”. Wiki iliyopita ukumbi mmoja wa hapa mjini uliionyesha hivyo hivyo, watu wakikimbia kama kuku, na watazamaji wakacheka mahali pasipochekesha. Filamu ile ina urefu wa mita 260. Kila mita ina fremu 52 na nusu, jumla kama 13,650. Ukiipitisha kwa fremu 24 kwa sekunde inakwisha kwa dakika tisa na nusu. Kwa fremu 16, karibu na kasi ya mkono wa mpiga picha wa wakati ule, ni dakika 14 na ushei. Dakika karibu tano zinaibwa, na anayelaumiwa kwa uigizaji wa pupa ni marehemu!

Naomba masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Na kuanzia sasa, filamu bubu ikitajwa, andikeni urefu wake kwa mita, kisha dakika pamoja na idadi ya fremu kwa sekunde.

Msomaji wako wa siku nyingi