Risala ya Vijana wa Darasa la Kiswahili, Berlin, kwa Mgeni Rasmi katika Ziara ya Stesheni ya Grunewald

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na ndugu wote mliohudhuria,

Tunakukaribisha kwa heshima kubwa katika stesheni hii, ambayo wengi wetu hupita kwa treni ya S7 bila kuteremka, na ambayo tumeichagua iwe somo letu la historia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, stesheni hii ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1879 ikiitwa Hundekehle, kutokana na ziwa lililo jirani, na mwaka 1884 ikapewa jina la Grunewald. Wakazi wa Berlin walikuja hapa kupunga upepo msituni. Mtaa wa majumba ya kifahari ulipoanzishwa mwaka 1889, walihamia matajiri, wataalamu na wasanii, zikiwemo familia nyingi za Kiyahudi. Jengo hili la kuingilia, lililosanifiwa na Karl Cornelius na kukamilika mwaka 1899, lina umbo la lango la ngome. Kwa macho yetu ni fahari iliyopita kiasi kwa stesheni ya pembezoni mwa mji, lakini wenye mtaa bila shaka waliipenda.

Tarehe 18 Oktoba 1941, wakati wa utawala wa Wanazi waliokusudia kuwaangamiza Wayahudi, Wayahudi zaidi ya elfu moja walitolewa katika sinagogi la Levetzowstraße, lililokuwa limegeuzwa kituo cha kuwakusanyia, wakaletwa hapa, wengi wao kwa miguu, kisha wakapakiwa katika treni iliyowapeleka Łódź, nchini Poland. Treni za mwanzo zilikuwa na mabehewa ya abiria ya daraja la tatu, na shirika la reli lilidai nauli kwa kila aliyesafirishwa, watoto wakilipiwa nusu, kana kwamba hiyo ilikuwa safari kama safari nyingine. Jambo hili ndilo lililotusumbua kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba kazi ile ilipitia mikononi mwa makarani wa kawaida, wapangaji wa ratiba na madereva. Treni nyingine zilikwenda mji wa Riga nchini Latvia, na kambi za Wanazi za Theresienstadt na Auschwitz. Kwa jumla, Wayahudi zaidi ya 50,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Berlin, wakipitia hapa na katika stesheni za Moabit na Anhalter.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, treni za abiria ziliendelea kupita, na kumbukumbu ilichelewa. Mwaka 1991 uliwekwa ukuta wa zege wa msanii Karol Broniatowski, wenye nafasi tupu za maumbo ya watu, na mwaka 1998 shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilizindua kumbukumbu ya Njia ya 17, yaani reli ya stesheni hii inayokumbusha treni hizo. Kandokando ya reli zimelazwa bamba 186 za chuma, kila moja ikiwa na tarehe, idadi ya watu na mahali walikopelekwa, pasipo jina la mtu hata mmoja. Bamba la tarehe 27 Machi 1945 linataja watu 18 waliopelekwa Theresienstadt, wakati vita vilikuwa vimebakiza wiki chache tu. Miti imeachwa iote katikati ya reli, ili treni isipite hapo tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeanza kuandaa kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya wageni na wadogo zetu. Tunaomba utusaidie kumpata mhariri wa historia atakayekipitia, pamoja na gharama za kukichapisha.

Tunaomba kuwasilisha.