Barua ya wazi kwa walimu wapya wa Mwanza mnaoanza kujiwekea vitabu

Wanangu walimu,

Marahaba. Salamu zenu zimenifikia kutoka Magu, Misungwi, Sengerema hadi Ukerewe, pamoja na swali ambalo karibu kila mmoja wenu ameliuliza kwa namna yake: ninunue vitabu gani? Wengine mmeniomba orodha kabisa, vitabu ambavyo mtu aliyesoma hapaswi kuvikosa nyumbani. Orodha sitoi. Nimeshaingia nyumba nyingi zenye vitabu vya orodha, vimepangwa sebuleni karibu na televisheni, na ukikichomoa kimoja unakuta kurasa zake hazijawahi kuguswa.

Mimi nitawauliza nyinyi. Kuna jambo gani ambalo hakuna aliyekutuma ulijue, halipo kwenye muhtasari wa somo wala kwenye mtihani, lakini kila ukipumzika akili inalirudia? Anzia hapo. Mshahara wa mwalimu anayeanza, ukishatoa kodi ya chumba, nauli na cha kutuma kwa wazazi, hauruhusu kununua vitabu vya kupendezesha ukuta. Unaruhusu kimoja leo na kingine baada ya miezi, na vitabu vinavyoingia hivyo visipokuwa na jambo la kuviunganisha, baada ya miaka utakuwa na rundo tu.

Chukueni mwalimu wa Biolojia aliyepangiwa Ukerewe. Anakula sato, anakula sangara akipata, na wazee wa pale kisiwani wanamwambia kwamba wao walikulia kwenye furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Anajiuliza furu walikwenda wapi. Hapo maktaba yake imeshaanza, hata kama hana kitabu kimoja. Atasoma kwamba sangara alipandwa ziwani katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, na kwamba ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima huku aina kwa aina za furu zikitoweka. Atagundua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa hapa Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wamekuja kuwachunguza furu, wakajikuta wanashuhudia kupotea kwao. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu ambacho kwa Kiingereza kilitoka 1996 kwa jina la Darwin's Dreampond. Ni sayansi, lakini pia ni habari za mgeni anayehangaika na maisha ya Mwanza, na sehemu nyingine zinachekesha. Akirudi nyuma zaidi atakuta ripoti ya Michael Graham ya 1929, iliyotokana na uchunguzi uliofanywa kwa sababu ngege, samaki wa jamii ya sato, walikuwa wameanza kupungua nyavuni. Kumbe malalamiko ya wavuvi wetu yana umri mrefu kuliko sangara mwenyewe.

Swali lilelile litamtoa kwenye sayansi, apende asipende. Atataka kujua watu wa kisiwa hicho waliishije kabla ya hayo yote, na njia itampeleka kwa Aniceti Kitereza. Huyu ni Mkerewe aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akihofia lugha na desturi za kwao zisije zikapotea. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika juzuu mbili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee alifariki 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Kisomeni polepole, maana Kitereza hana haraka. Anaweza kukueleza kilimo, pombe au dawa ya miti mpaka ukajiona unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Mwalimu wa Biolojia atapata mimea na wanyama humo, wa Historia atapata uchumi wa kaya, na aliyeoa karibuni atapata habari za mume na mke waliokosa mtoto huku ukoo ukiwasumbua, ambazo hazijachakaa hata kidogo.

Ndiyo maana siwashauri mtenganishe vitabu vya kazi na vitabu vya moyo. Mfumo wa Melvil Dewey, ule wa tangu 1876 unaotumika kwenye maktaba nyingi za umma, unaweka samaki kwenye 597, fasihi ya lugha zetu kwenye 896 na historia ya Tanzania kwenye 967.8. Kwa jengo lenye maelfu ya vitabu na wasomaji wa kila aina ni mpango mzuri. Chumbani kwako hauna kazi. Goldschmidt na Kitereza waweke bega kwa bega, maana wewe ndiye unayejua kilichowakutanisha. Ukitaka kanuni ya mkutubi, chukua ile ya S. R. Ranganathan wa India, aliyoiweka ya kwanza kabisa katika kitabu chake cha 1931: vitabu ni vya kutumiwa.

Kabla ya kununua, azima. Maktaba ya mkoa ipo mjini, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) pale Malimbe kina maktaba ambayo mtu mwenye adabu na barua ya utambulisho hafukuzwi bila kusikilizwa. Kitabu ulichokisoma na kukirudisha, kisha ukajikuta unakihitaji tena, hicho ndicho cha kutolea fedha. Kamusi peke yake ndiyo isiyohitaji jaribio hili. Nunua kamusi nzuri ya Kiswahili hata kama unafundisha Hisabati, na ukiona toleo la 1981 la Kamusi ya Kiswahili Sanifu linauzwa chini pale wanapotandaza vitabu vya mitumba, lichukue ingawa una toleo jipya. Utashangaa yaliyoongezwa, na zaidi yaliyoachwa. Kuhusu vitabu vya kwenye simu sina mengi: vinafaa, bando ni ghali, na simu huibwa, kwa hiyo weka nakala mahali pengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niketi niandike. Vitabu vikubwa vina watetezi. Vyuo vinavihifadhi, wachapishaji wanavirudia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi wa kule Namagondo, Ukerewe, iliyotoka 1971 na kuzua kelele shuleni, huwezi kuikosa ukiitafuta. Kinachokufa ni karatasi ndogo ndogo za kwetu. Mwaka 1968 ulianza hapa Kanda ya Ziwa mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Ulitoa vitabu vya kiada kwa watu wazima, wakajifunza kusoma kwa kutumia kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Baadaye likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Ikaja kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu karibu milioni 2 nchi nzima wakikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kijitabu mkononi. Bibi zenu walijifunza herufi humo. Leo ukivitaka vijitabu hivyo utahangaika, kwa sababu hakuna aliyeviona kuwa ni vitabu. Viliwashia moto, vilifungia karanga.

Kuna taarifa za vyama vya ushirika wa pamba, za enzi za Victoria Federation, muungano wa vyama hivyo, na kiongozi wake Paul Bomani, zinazooza kwenye maboksi ya watu waliokuwa makarani. Kuna vitabu vya nyimbo za kanisani kwa Kisukuma, ratiba za meli, kadi za uanachama, maandishi ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana. Mtafiti Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, aliacha hati nyingi ambazo ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hizo ziko salama. Za marehemu babu yako aliyekuwa karani wa ginari, kiwanda cha kuchambulia pamba, nani anazo? Mwalimu anayekaa kijijini ana nafasi ambayo profesa hana. Yeye huitwa kwenye misiba, huandikishiwa barua, huonyeshwa sanduku. Omba kutazama. Usichukue cha mtu kwa sababu tu hajui thamani yake. Omba kutoa kopi, urudishe karatasi yenyewe kwa mwenyewe, na nyuma ya kopi uandike umeipata kwa nani, wapi, lini. Karatasi isiyo na maelezo hayo, ukishafariki wewe, inakuwa karatasi tu.

Na kwa kuwa nimetaja kopi. Najua mlivyosoma chuo, sikuzaliwa jana: kitabu kizima kinapelekwa steshenari asubuhi, jioni darasa zima linacho. Mimi natofautisha. Kitabu kisichochapwa tena na kisichouzwa popote, toa kopi ukitunze. Kitabu ambacho mwandishi wake yu hai na kiko dukani, kinunue, hata mkichangishana. Tuna sheria ya hakimiliki ya 1999, lakini hata isingekuwepo, mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache tusimpore sisi walimu ambao ndio wateja wake.

Kutunza. Mwanza ina adui watatu wa vitabu: mchwa, unyevu na jua la dirishani. Usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje, acha nafasi ya kupitisha mkono ili hewa itembee. Mbao laini za bei rahisi mchwa wanazipenda kuliko wewe unavyopenda vitabu. Kama huna fedha ya mbao ngumu, miguu ya rafu isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, na kila wiki utazame kama hawajajenga njia ukutani. Usifunge vitabu ndani ya nailoni ukadhani umevilinda, humo ukungu huota. Jaladia kwa karatasi ya kaki. Selotepu usiiguse kabisa, maana baada ya miaka gundi yake inageuka kahawia na kula maandishi. Kilichochanika kishone kwa uzi au kibandike kwa uji wa ngano na karatasi nyembamba. Wale mliopanga nyumba karibu na maji mnavijua vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi jioni. Vinafuata taa. Funga madirisha kwanza, ndipo uwashe, la sivyo asubuhi utavikuta vimekauka katikati ya kurasa.

Kuazimisha ndiko kunakovunja urafiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sioni aibu kumwandikisha hata mchungaji. Jina, namba ya simu, tarehe, na anaandika mwenyewe kwa mkono wake. Anayekasirika kuandikwa alikuwa hana nia ya kurudisha. Ila msiwe wachoyo kwa wanafunzi. Mtoto wa kidato cha pili anayekuja kuomba kitabu saa kumi na mbili jioni mpe, hata kama kitarudi na alama za mafuta ya taa. Kwa hati za pekee, zile za masanduku, jibu ni moja: asomee hapo hapo, umpe kiti na chai.

Tena, semeni na wenzi wenu. Mume au mke asiyejua kwa nini kuna maboksi mvunguni, siku ukihamishwa kituo au ukifariki, ataita wa kununua kwa kilo. Nimeona maktaba ya mtu niliyemheshimu ikipimwa kwenye mizani hivyo, na mjane hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyewahi kumweleza. Andika ukurasa mmoja: kipi kiende wapi, nani apigiwe simu. Uweke ndani ya kamusi, kwa kuwa kamusi ndiyo itakayofunguliwa.

Mkija mjini likizo, piteni Kirumba mnione. Mje na madaftari yenu ya vitabu, hata yenye mistari minne, tulinganishe nani ana nini, ili msinunue wawili kitabu kilekile wakati mnaweza kubadilishana. Na nyie wa Ukerewe mtakaovuka kutoka Nansio, ulizeni kwanza kwa wazee waliopita kwenye madarasa ya kisomo. Natafuta kile kijitabu cha uvuvi. Hata kama hakina jalada.

Mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kirumba, Mwanza