Mashabiki waachiwe kura ya nyota wa besiboli, ila utaratibu ubanwe

Mhariri,

Wanaotaka mashabiki wa besiboli Marekani wanyang'anywe kura ya Mchezo wa Nyota, yaani mechi ya kila mwaka kati ya wachezaji bora wa ligi mbili kuu za huko, hawakosi ushahidi. Mwaka 1957 gazeti la Cincinnati liligawa karatasi za kura zilizokwisha jazwa majina ya wachezaji wa Reds, timu ya mji huo. Kazi ya shabiki ikabaki kuzituma tu. Reds wakazoa nafasi saba kati ya nane za kikosi cha kuanza cha ligi yao. Kamishna Ford Frick, mkuu wa besiboli wakati huo, akawaengua Gus Bell na Wally Post wa Reds, akawaingiza Willie Mays na Hank Aaron wa timu nyingine, na mashabiki wakakaa bila kura hadi 1970.

Lakini kilichoharibu si ushabiki. Kila shabiki humpigia kura wa kwake, hata huku kwetu kwa Simba na Yanga. Tatizo ni utaratibu unaomruhusu mtu mmoja kuhesabiwa kama watu thelathini. Mwaka 2015 barua pepe moja iliruhusiwa kura 35. Royals wa Kansas City wakaongoza nafasi nane kati ya tisa, na waendeshaji wa besiboli wakafuta kura zaidi ya milioni 60. Omar Infante wa Royals, aliyemaliza msimu ule na wastani hafifu wa kupiga mpira wa .220, alikuwa akimwongoza kwa kura José Altuve wa Houston kwenye nafasi ya besi ya pili! Altuve alimpita mwishoni, Royals wakabaki na wanne kwenye kikosi cha kuanza.

Utaratibu wa sasa ni wa awamu mbili, na ni bora zaidi. Katika awamu ya kwanza unapiga hadi mara tano kwa siku, na kinara wa kura wa kila ligi anapita moja kwa moja. Wawili wa juu katika kila nafasi (sita kwa uwanja wa nje, wenye nafasi tatu) wanakwenda awamu ya pili, mara moja kwa siku, na hesabu inaanza upya. Kura zilizorundikwa mwanzoni hazibebwi. Shabiki ambaye mtu wake ametolewa sasa analazimika kuangalia nani anacheza vizuri zaidi kati ya waliobaki.

Tukumbuke pia kuwa mashabiki huchagua wanaoanza tu, tisa kati ya 32 wa kila ligi. Warushaji wote 12 huchaguliwa na wachezaji wenzao na ofisi ya kamishna. Sharti la kila timu kuwa na angalau mchezaji mmoja nalo huwaacha nje wanaostahili, ila lawama zote huelekezwa kwa shabiki. Hoja ya kumnyima kura ilikuwa na uzito kati ya 2003 na 2016, ligi iliyoshinda Mchezo wa Nyota ilipoipa timu yake faida ya uwanja wa nyumbani kwenye fainali ya ubingwa. Kanuni hiyo ya fainali imefutwa.

Kilichobaki ni kubana mianya miwili. Kwanza, kura ithibitishwe kwa namba ya simu, maana barua pepe kumi hufunguliwa kwa saa moja. Pili, dirisha la kura lifunguliwe katikati ya Juni. Mwanzoni mwa mwezi huo timu imecheza takriban michezo 60 kati ya 162, na mpigaji aliyewaka Aprili akapoa Mei bado anaonekana nyota kwenye jedwali.

Mpenzi wa besiboli,
Dar es Salaam