Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfarishi wa Kusi na Kaskazi

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Mwaka jana tulikubaliana hapa hapa Malindi tushone mfarishi mmoja wa misimu miwili, ya pepo za kusi na za kaskazi, kila kipande kichorwe mnyama au ndege. Upande wa kusi umekwisha. Wa kaskazi bado, na kosa ni langu.

Ndege heroe wa mdomo wa mto Sabaki walikuwa wametulia vizuri juu ya marikani, shingo zimepinda, waridi imekolea. Wageni walikuwa waje Ijumaa. Nikaona madoa ya penseli, nikavifua vile vipande kabla havijapigwa pasi. Rangi ya kitambaa haishiki mpaka ipate moto. Kulipokucha, heroe wanne walikuwa doa moja la waridi. Kwa hiyo utaratibu ni huu: rangi ikauke siku nzima, masika hata siku mbili, kitambaa kigeuzwe kipigwe pasi kwa nyuma, ndipo kiguse maji. Na marikani mpya ifuliwe kwanza itoke wanga, la sivyo rangi hukaa juu juu tu.

Nyangumi naye alitutoa jasho. Hawa hupita Watamu wakati wa kusi, wakitoka bahari za baridi kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Yule wa kwanza tulimchora mkia umesimama. Mzee mmoja mvuvi alikitazama kile kipande, akacheka: "Huyu nguru aliyenenepa. Mkia wa nyangumi hulala." Tukamchora upya. Sasa ndiye anayeendewa kwanza na kila anayeingia ukumbini.

Kuhusu bundi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, maneno yalikuwa mengi. Ni mdogo mno, kama sentimita 15, na zaidi ya hapa kwetu anajulikana Usambara Mashariki tu. Lakini mama mmoja aliuliza nani atajifunika bundi alale usingizi, na sikuwa na jibu. Nikaamua awekwe pembeni, upande wa miguuni. Aliyemshona alipitisha sindano juu ya rangi nzito ya macho, matundu yamebaki. Tushoneni kuzunguka mchoro, si juu yake.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba rangi nyekundu ndiyo inayotumaliza, na keremkerem, yule ndege mla nyuki, bado hatujamgusa.

Huyo keremkerem mwekundu huja kulala kwenye mikoko ya hori ya Mida wakati wa kaskazi. Naomba twende kumtazama jioni moja kabla mtu hajashika brashi, yasitupate tena ya nyangumi. Kila mmoja aje na penseli na karatasi. Nauli tutachangishana. Pasi itakaa kwa katibu, si kwangu.

Mwenyekiti wenu